Bulo Mdomoni mwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wangu mgongoni na mdomo umejaa nafaka, na askari alikuwa anamwuliza tena anaenda wapi. Hakujibu. Alimwangalia tu, mashavu yamevimba kama ya mtu mwenye jino bovu. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono mitupu, na nilitamani kumpiga mtu. Si askari. Yeye, mama mkwe.

Nieleze vizuri, maana watu wanapenda kuisimulia habari hii vibaya.

Juu ya kilima kimoja upande wa Butembo kuna mawe. Si mawe ya kujengea. Ni makubwa kuliko kanisa, meusi, yamesimama wima katikati ya majani kana kwamba kuna mtu aliyasimamisha kwa kazi fulani kisha akaitwa kwingine. Mawili yameegemeana vichwa, na chini yao pamebaki ufa. Mtu mzima akijaribu kupita atakwama kifuani. Mtoto mchanga anapita. Wazee wanapaita Mulango. Ukungu unakaa pale hata wakati vilima vingine vyote vimeshaona jua, na maji yanatiririka juu ya jiwe bila wewe kuona yanakotoka.

Familia ya mume wangu, na familia zote za vilima vile, wanapitisha watoto pale kabla hawajaota meno. Mama ya baba ndiye anayebeba. Akifika nyumba ya mwisho ya kijiji anajaza bulo mdomoni, ule ulezi mwekundu, mkavu, ambao haujasagwa, na hasemi tena mpaka autemee jiwe. Mama ya mtoto anafuata nyuma na haruhusiwi kumgusa mtoto, hata alie namna gani. Wakifika, mama anazunguka mpaka upande wa pili, na bibi anamwingiza mtoto katika ufa, kichwa kwanza. Mama anampokea. Basi. Ni kama kumzaa tena bila damu. Kule juu kila mtu akikutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mashavu yamejaa, anatoka njiani, anainamisha kichwa, hamsalimii. Kila mtu wa kule. Askari hawakuwa watu wa kule.

Mimi ni binti wa Waprotestanti wa Beni, na nimemaliza humanités, shule yote ya sekondari. Nyumbani kwetu kitu kama hicho kiliitwa upagani na mazungumzo yakaishia hapo. Mume wangu ni Mkatoliki. Nilipomwambia kwamba hata padri wao hawezi kukubali, alicheka.

"Padri mwenyewe, bibi yake alimupitisha. Enda umuulize."

Mtoto wetu wa kwanza hakupitishwa. Vita ilikuwa imeanza, barabara haikupitika. Alikufa kwa homa katika nyumba yetu ya kupanga kule Beu, mtaa wa Beni, kwa sababu kabati la dawa kwenye kituo cha afya lilikuwa limeporwa na infirmière, muuguzi wetu, alikuwa amekimbilia kwa wazazi wake, huko mashambani Mabalako. Hiyo ndiyo sababu. Niliiona kwa macho yangu, kabati wazi, tupu, na panya ndani. Lakini kwenye matanga, maziwa bado yananilowesha nguo, watu wa mume wangu walisema mbele yangu: hakupita Mulango. Walisema kwa upole, kama mtu anayekufundisha kupika. Hasira yangu ilianza siku ile.

Wa pili alipozaliwa, wakaanza kutuma ujumbe. Mume wangu akasema niende na mama yake, yeye hawezi, wanaume wakikamatwa barabarani wanabebeshwa masanduku ya risasi na wengine hawarudi. Ilikuwa kweli. Lakini kuna ukweli mwingine unamfaa sana yule anayebaki nyumbani.

Nilikataa, nikakataa. Halafu mtoto akaanza kutoka udenda na kutafuna ngumi yake, na mama mkwe akashuka mwenyewe mpaka Beni, juu ya lori, amekaa juu ya magunia ya maharagi. Aliingia katika kiwanja changu na hakuomba hata maji.

"Meno inakuya," alisema.

"Mama, njia yote iko na askari."

"Askari iko kila fasi. Meno hapana ngoja askari."

"Na bakitufanyia mubaya?"

Aliniangalia. "Weye, binti ya batu, ulishazika moja."

Nikafunga nepi na blanketi.

Butembo tulilala kwa dada yake. Mji ule hata vita haikuuzuia kuuza: mabati, misumari, sabuni, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinashuka mlima zimebeba mbao na mtu anapiga kelele watu wahame. Asubuhi tukapanda kwa miguu. Kwenye nyumba ya mwisho mama mkwe akafungua pindo la kitenge chake, akajaza bulo mdomoni mpaka midomo ikakazana, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka mbele. Mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kupalilia maharagi alituona, akatoka njiani na jembe lake, akainama. Nakiri nilisikia kitu kizuri kifuani. Kilidumu mpaka kona iliyofuata.

Pale palikuwa na barrière, kizuizi cha barabarani, ambayo wiki iliyopita haikuwapo. Mti wa mwanzi juu ya mapipa mawili, kibanda cha majani, askari watatu wa rebellion, wale waasi, wanachoma mahindi ya watu.

"Mama, unaenda wapi?" aliuliza mmoja, mwenye mabuti ya mvua. Mama mkwe kimya. "Mama! Iko na masikio?"

Nikasema mimi: "Mukubwa, hawezi kujibu. Iko na bulo mu kinywa. Ni desturi yao. Tunapeleka mutoto kwa jiwe."

"Jiwe gani?"

"Jiwe ya kule juu. Atatemea pale."

Walicheka sana. "Kutemea jiwe! Mulisikia ile?" Lakini yule mkubwa wao kwa umri, mwenye ndevu za mvi, hakucheka. Alisimama, akafuta mikono kwa suruali, akamkaribia mama mkwe na kumtazama mashavu.

"Ile ni or, dhahabu," alisema. "Tulikamata mwanamuke mumoja kule mu machimbo, alijaza mu kinywa hivihivi. Mama, fungula."

Hakufungua.

"Fungula kinywa!"

"Tema, Mama!" nikapiga kelele. "Tema tu! Tutarudia siku ingine!"

Mzee wa ndevu akamshika mama mkwe kidevu. Mtoto akaanza kulia. Nilijua mikono yangu hairuhusiwi kumgusa, na niliwalaani wote kwa pamoja, askari, jiwe, mume wangu aliyekuwa amekaa Beni akinywa chai. Mama mkwe akafunga macho. Nikaona shingo yake inaanza kufanya kazi. Alikuwa anameza. Bulo kavu, mdomo mzima, bila maji. Ilikuwa inashuka kwa shida kama kwa kuku aliyemeza punje kubwa kuliko koo lake, na machozi yalikuwa yanamtoka. Halafu akafungua mdomo, akamwonyesha askari. Ndani hamkuwa na kitu.

Najua alivyofikiri, aliniambia baadaye. Kutema chini mbele ya barrière ilikuwa kumtupa mtoto njiani. Kumeza ilikuwa kumweka salama tumboni mwake mpaka watuachilie. Kule kwao akili hiyo ni sawasawa kabisa.

"Amemeza!" akalia mzee wa ndevu. "Mwanamuke amemeza or!"

Commandant, mkuu wao, akatoka kibandani na ndara miguuni, mswaki mkononi. Akasikiliza. Akamzunguka mama mkwe kama mtu anayenunua mbuzi.

"Akae pale," alisema. "Tutangoja. Kila kitu inatoka."

"Na nani atachunguza, mon commandant?"

"Weye uliyeona or."

Walikufa kwa kicheko. Mama yule ana wajukuu wakubwa, anaongoza wanawake wa parokia, na walimkalisha juu ya pipa wakaanza kubishana ni nani atamsindikiza vichakani. Askari mwenye mabuti akafungua kitenge, akanipa mtoto. Nikampokea. Basi, nilikuwa nimemgusa.

Nilianza kuzungumza Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa mtu hasikiki kama anaomba. Nilimweleza commandant yote: ufa, bulo, meno. Nikamwambia huyu ni mama mzee, akifa kwa kukauka koo hapa, utawajibu nini watu wa vilima vyote hivi? Hilo lilimfikirisha. Alisukutua, akatema.

"Kama batu banatemea pale tangu zamani, mbegu itakuwa pale. Enda na huyu askari. Akikuta bulo, mama anatoka. Asipokuta, mama anabaki, na weye vilevile."

Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kusema maana mdomo ulikuwa mtupu, hakulia wala kuwatukana. Alifungua pindo la kitenge na kunipa bulo iliyobaki.

"Jaza."

"Mama, mimi si bibi yake. Mimi ni mama."

"Nimesema jaza!"

Nikajaza. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikapanda.

Sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika njia ile, na sikuweza kusema hata neno. Bulo inanyonya mate yote. Inaingia nyuma ya magego, inakwangua ulimi, inanukia vumbi la ghala. Askari mwenye mabuti alikuwa nyuma yangu na alipenda mazungumzo.

"Bwana yako iko wapi? Iko Mai-Mai, mu pori na bunduki?"

Kimya.

"Eh, mama. Pale chini ulisema Kifaransa kama radio. Sasa umekuwa bubu?"

Kimya.

"Mutoto ni mwanamume ao mwanamuke? Ata hiyo ni siri?"

Nilitikisa kichwa tu, sijui kwa swali lipi. Kilima kilikuwa kikali, tope jekundu, mwanzi kila upande. Nilisikia pumzi yake, na chuma cha bunduki kikigonga kifungo cha koti lake.

Tukafika. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuyaona mawe yale karibu. Yalitoka kwenye ukungu bila kujulisha, na nilisimama. Askari naye akasimama. Yalikuwa na mistari mirefu ya maji na kinyesi cha ndege, kuvu ya manjano ilikuwa imepanda mpaka mabegani mwake, na pale yalipoegemeana palikuwa na giza ambalo lilikuwa na baridi yake lenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kudharau. Sikudharau. Wala sikuamini. Niliogopa tu, kama unavyoogopa kuingia katika nyumba ya watu usiowajua ambayo mlango wake umeachwa wazi.

Nikatemea jiwe. Bulo ikashikamana pale, nyekundu, na mate yangu.

"Hiyo ni ya sasa," alisema askari. "Ya zamani iko wapi?"

Nikatafuta. Hapakuwa na hata punje. Ndege! Mtu anatemea asubuhi, ndege wanakula mchana, kwa miaka yote ile ndege wa kilima kile walikuwa wanalishwa na bibi za watu, na sasa sikuwa na cha kuonyesha. Nilipapasa jiwe kama kipofu. Nikapiga magoti, nikaingiza vidole katika nyufa za chini, penye unyevu. Na pale, kwenye udongo usiojaza hata kiganja, mashina yalikuwa yameota. Membamba, marefu, na vichwa vyake vimekunjika kama vidole vya mtoto. Bulo. Hakuna mtu analima kule juu, hakuna shamba karibu, jembe lingevunjika.

Askari alichuma shina moja, akalisugua, akanusa, akalitia mfukoni mwa koti.

"Sawa. Tushuke."

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikushuka. Ningeshuka, jambo langu lilikuwa limekwisha, mama mkwe angetoka. Lakini alikuwa amemeza mdomo mzima wa bulo kavu ili mtoto huyu apite. Na nilikuwa nimezika mmoja. Sikutaka kusimama tena kwenye matanga nikifundishwa kwa upole. Hayo ndiyo yote, sina maelezo mengine ya kanisani.

"Lazima mutu mumoja akae huku, mwingine akae kule," nikamwambia. "Mimi ndiye nampokea. Shika mutoto."

"Mimi?"

"Iko nani mwingine?"

Aliangalia nyuma yake kana kwamba kweli huenda yupo mwingine. Halafu akaegemeza bunduki kwenye jiwe, akafuta mikono kwenye koti, akainyoosha. Nikamwekea mwanangu mikononi. Mikono ile! Nilimwelekeza: kichwa kwanza, uso juu, usimwachilie mpaka usikie namvuta. Akaitikia kama mwanafunzi. Nikaondoka kuzunguka jiwe.

Kuzunguka ni mbali kuliko nilivyofikiri. Kuna miiba, kuna mteremko, kuna mahali unashika jiwe kwa kucha na chini yako hakuna kitu. Na sikuwaona tena. Nilikuwa nimemwachia mtoto wangu askari wa rebellion juu ya kilima, peke yao, kwa hiari yangu, mimi niliyekataa hata kumpeleka sokoni siku ambayo magari yao yanapita. Nilikimbia. Nikaanguka, nikachanika goti. Nilifika upande wa pili, nikapiga magoti mbele ya ufa. Giza.

"Ingiza!" nikaita.

Nikagonga jiwe kwa kiganja.

"Mukubwa! Ingiza mutoto!"

Nikasikia sauti yake, chini sana. Alikuwa anasema na mtoto. Haikuwa Kiswahili, haikuwa Lingala, ilikuwa lugha ya kwao, popote pale. Maneno machache, yanarudiwa. Nilitaka kupanda juu ya jiwe, nilitaka kulivunja. Halafu giza likasogea, na utosi wa mwanangu ukatokea, na nywele zake zimelowa maji ya jiwe. Nikamshika mabega. Nikavuta. Upande wa pili mikono ikaachia.

Tukashuka. Askari alimpa commandant shina la bulo. Commandant alilitazama, akamcheka mzee wa ndevu mpaka akakohoa, akasema mama aende. Halafu akauliza jambo ambalo sikulizingatia wakati ule, maana nilikuwa namwinua mama mkwe kutoka kwenye pipa.

"Na kule juu, munaona barabara?"

"Zote mbili, mon commandant. Ya Beni na ya Butembo," akajibu askari mwenye mabuti.

Njiani, mama mkwe alikunywa maji mtoni kama ng'ombe, kisha akakaa juu ya nyasi.

"Alipita?"

"Alipita."

"Nani alimuingiza?"

Nikamwambia. Akainuka, akatangulia mbele yangu mpaka kijijini.

Siku chache baadaye watu waliona turubai la bluu kule juu, karibu na mawe, na moshi. Askari walihamia pale. Wanawake wakaacha kupanda. Kwenye sikukuu, familia ilipokusanyika kula, baba mkubwa wa mume wangu akanigeukia mbele ya wote.

"Huyo mutoto yako alipitishwa na bunduki."

"Hapana, Baba. Bunduki ilikuwa inaegemea jiwe."

Wanawake wakaficha midomo. Yeye hakuona kichekesho.

"Na batoto ba wengine batapita wapi sasa? Weye ndiye ulibaonyesha njia."

"Ndiyo, nilibaonyesha. Munataka ningemuacha Mama juu ya pipa?"

"Mama ni muzee," alisema. "Mulango ni ya batu yote."

Mume wangu aliangalia sombe yake, majani ya mihogo kwenye sahani. Hapo mama mkwe akainuka, akaenda mpaka mbele ya shemeji yake, akachukua sahani yake ya bugali na nyama, ambayo alikuwa hajaimaliza, akatoka nayo nje. Tulisikia kuku wanakimbilia. Akarudi, akakaa mahali pake, akaendelea kula.

Hakuna aliyenitaja tena siku ile. Lakini msidhani yamekwisha. Mama mkwe hajawahi kusema kwamba nilifanya vizuri. Mtoto akipata homa, hata homa ndogo ya meno, anafika kutoka kilimani, anamshika paji la uso, na baada ya muda ananiuliza bila kuniangalia.

"Ule askari. Alimushika kichwa na mukono gani?"

"Sikuona, Mama. Nilikuwa upande ingine."

"Na alisema nini kwa mutoto?"

"Ilikuwa luga yao. Sikusikia maana yake."

"Ulipaswa kusikia," anasema, na anamchukua mtoto mikononi mwangu, anamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akimkagua.